Kurudisha Upepo Njiani: Pampu ya Gari Tuliyoiona Newala na Masasi

Wanachama wetu watakumbuka ya kuwa mwishoni mwa msimu uliopita baadhi yetu tulivuka bahari kwenda Mtwara, tukapanda Newala na kuteremkia Masasi, ili kutazama jinsi wakulima wenzetu wa korosho wanavyokusanya na kuuza mazao yao. Khabari za maghala na minada ya MAMCU na TANECU tulikwisha kuzieleza. Leo twataka kueleza jambo dogo ambalo hatukulifuata huko, lakini ndilo tulilorudi nalo: pampu ya upepo iliyofungwa ndani ya gari lenyewe, ambayo mafundi huiita kompresa.

Huenda mwanachama akauliza, karafuu na kompresa wapi na wapi? Tunamwomba avumilie kidogo. Yeyote aliyewahi kupeleka majamvi na magunia shambani kwa gari, akakwama katika mchanga wa pwani ya mashariki au katika utelezi wa vilima vya Pemba wakati wa vuli, atapata faida katika maneno haya.

Nchi yenyewe kwanza. Uwanda wa Makonde ni nchi iliyoinuka, na kingo zake ni kali. Ukisimama Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi yakatika mbele ya miguu yako na bonde la Ruvuma linaonekana chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Juu ya uwanda udongo ni wa mchanga, mahali pengine mwekundu, mahali pengine mweupe, na maji hayatuami juu yake. Ukiteremka upande wa Masasi unakuta nchi nyingine, yenye ardhi ngumu na milima ya mawe iliyosimama peke yake kama imetupwa pale. Kwa hiyo gari moja, katika siku moja, hupita mchanga mlaini, kisha changarawe, kisha lami. Hilo ndilo jambo la kushika, kwa sababu kila aina ya njia yataka upepo wake katika tairi.

Njia kuu ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, imekuwa ikitiwa lami sehemu kwa sehemu. Kipande cha kutoka Mtwara mpaka Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia. Lakini mkorosho hauoti kando ya lami. Gunia hutoka shambani kwa njia ya mchanga mpaka ghala la chama cha msingi, na msimu wa korosho, yaani Oktoba hadi Desemba, huanza wakati mchanga umekauka kabisa na umekuwa kama unga. Zamani kulikuwa na reli kusini, iliyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mzigo wa nchi ile wategemea tairi.

Sasa tuseme tulivyoona. Tulikuwa katika Land Cruiser ya wenyeji wetu, tumetoka Newala mjini twaelekea kijiji kimoja cha uwandani, tukakuta pikapu ya mizigo imezama katikati ya njia, imejaa magunia ya korosho, magurudumu ya nyuma yameingia mchangani mpaka karibu na ekseli. Vijana walikuwa wakichimba kwa jembe na kutia matawi. Dereva, mtu mzima, alikuwa akikanyaga mafuta, na harufu ya klachi inayoungua ilitufikia kabla hatujashuka. Dereva wetu akamwamkia, akamwambia, "Mzee wangu, punguza upepo, utatoka." Yule mzee akamtazama, akajibu, "Upepo nikiutoa, mwanangu, nitaurudisha kwa mdomo?"

Vijana walicheka, lakini mzee hakuwa akifanya mzaha, na sisi twaona ya kwamba alikuwa na haki. Kutoka pale alikuwa na safari ya kushuka mpaka Masasi juu ya ardhi ngumu na lami, na mzigo mgongoni. Tairi lenye upepo mdogo likienda mbio juu ya njia ngumu hujikunja pande zake kila linapozunguka, huchemka, nyuzi za ndani huachana, kisha hupasuka. Hupasuka mteremkoni hasa, gari likiwa limejaa. Mzee alikuwa amechagua kuunguza klachi kuliko kupasua tairi. Si ujinga. Alikuwa hana cha kurudishia upepo, basi.

Dereva wetu akafungua mlango wa nyuma, akatoa mpira wa upepo wenye urefu wa mita 6 hivi, akasema, "Toa, nitakutilia mimi." Tairi za nyuma zikapunguzwa mpaka paundi 25, za mbele mpaka 18, mchanga ukaondolewa mbele ya magurudumu, na pikapu ikatoka kwa gia ya kwanza bila kusukumwa na mtu. Mbele kidogo, mahali njia ilipokuwa ngumu, tairi zote nne zikajazwa tena. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Kwa nini tairi laini hutoka mchangani? Wengi hudhani ya kuwa hupanuka kwa upana. Hupanuka kidogo, lakini lililo kubwa ni kwamba sehemu inayogusa ardhi hurefuka, kwa mbele na nyuma, ikawa kama wayo wa ngamia badala ya kwato ya mbuzi. Uzito ule ule hukaa juu ya mahali pakubwa zaidi, na gurudumu hupita juu ya mchanga badala ya kujichimbia kaburi. Paundi tunazozitaja ni zile mafundi wanazozisoma katika geji, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba. Gari la kazi lisilo na mzigo mkubwa, ambalo barabarani hutiwa 35, laweza kuteremshwa mpaka 18 mchangani. Likiwa limebeba, tairi za nyuma zisishuke hivyo. Na likisha kupunguzwa, lisiendeshwe zaidi ya kilomita 30 kwa saa, wala lisikatwe kona kwa ghafula, maana tairi laweza kuchomoka katika rimu.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo itakayomwokoa mwanachama asinunue kitu kisichofaa. Tairi la Land Cruiser ya kazi lina nafasi ya ndani ya lita 60 hivi. Kulirudisha kutoka paundi 18 mpaka 35 kwahitaji lita 70 za hewa ya kawaida, hii tunayoivuta puani. Tairi nne ni lita 280. Pampu ya mguu inayotoa nusu lita kwa mkanyago mmoja itataka mikanyago 140 kwa tairi moja, na hiyo ni kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli huwa zaidi, kwa maana kadiri tairi linavyokaza ndivyo pampu inavyotoa kidogo. Mikanyago zaidi ya 560 katika jua la Newala, naye mtu amekwisha kuchimba mchanga saa nzima!

Pampu ndogo za umeme zinazochomekwa katika tundu la kuwashia sigara hutoa kama lita 12 kwa dakika. Tairi nne zitachukua dakika 23 za kazi mfululizo, na nyingi katika hizo hazivumilii kufanya kazi mfululizo: huchemka, na lazima zipumzishwe. Zafaa kwa pancha moja ya mjini. Pampu iliyofungwa kwa kudumu, inayotoa lita 40 kwa dakika hata inaposukumana na tairi, humaliza tairi nne kwa dakika 7. Hiyo ndiyo tuliyoiona Newala, na hiyo ndiyo tunayoisifu. Muuzaji akitaja lita nyingi sana, aulizwe kama ni lita za pampu ikipuliza hewani tu au ikisukumana na tairi. Tofauti ni kubwa.

Ziko njia nyingine, nasi tutazipitia upesi. Wazee wetu walioendesha Land Rover za petroli miaka ya 1950 wataikumbuka pampu ya tundu la plagi: plagi moja hutolewa, pampu hufungwa mahali pake, na injini hukimbia kwa silinda zilizobaki huku ile moja ikiisukuma pampu. Ilikuwa na akili sana, nayo ilivuta hewa safi ya nje, si mvuke wa petroli. Lakini kwa injini ya dizeli haifai, na magari mengi ya shamba siku hizi ni dizeli.

Wengine hugeuza kompresa ya kipoza hewa cha gari ikawa pampu. Hutoa upepo mwingi kuliko zote, kwa kuwa yasukumwa na mkanda wa injini. Ila kompresa ile hupata mafuta yake ya kulainisha kutokana na gesi inayozunguka ndani yake, na ikivuta hewa tupu hukosa mafuta, ikajila yenyewe. Lazima ifungiwe kifaa cha kudondoshea mafuta upande wa kuingilia na cha kuyakamata upande wa kutokea, ama sivyo haikai. Atakayetaka njia hii awe na fundi anayeijua kazi, si anayeijaribu juu ya gari lake.

Na wenye malori ya breki za upepo wasishawishike kutoboa tanki la breki. Lori lililotengenezwa na tundu lake la kujazia tairi, litumie tundu hilo. Lisilo nalo, liachwe. Upepo ule ndio breki.

Turudi kwa ile ya umeme. Kuifunga kwake si kazi ngumu, lakini yapo mambo ambayo mafundi wengi huyakosea, na la kwanza ni waya. Sisi wenyewe tulipata somo hilo kabla ya safari. Gari letu la ofisi lilifungiwa pampu ya namna hii na gereji moja, na fundi akaona ni rahisi kuunganisha katika waya wa tundu la sigara. Siku ya tatu ngozi ya waya iliyeyuka chini ya dashibodi na moshi ukajaa ndani. Tulibahatika kwamba gari lilikuwa limesimama na mlango u wazi. Pampu kama hiyo hula ampea 25 mpaka 30 kwa betri ya volti 12, na waya wa tundu la sigara hautakiwi kubeba hata nusu yake kwa muda mrefu.

Waya utoke katika betri moja kwa moja mpaka kwenye pampu, na fyuzi ya ampea 40 ifungwe karibu kabisa na betri, si karibu na pampu. Sababu ni hii: fyuzi hulinda waya uliopo mbele yake tu, na waya ukikwaruzwa na bati kabla ya kuifikia fyuzi, gari huwaka. Unene wa waya wategemea urefu. Pampu ikikaa nyuma ya gari, mita 4 kutoka betri, waya wa milimita za mraba 2.5 utapoteza zaidi ya volti moja na nusu kwenda na kurudi, na pampu itakuwa mvivu na kuchemka. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza chini ya nusu volti. Ni ghali zaidi, twakubali. Swichi ya dashibodi isibebe umeme huo mkubwa, bali iamrishe relei, na relei ndiyo ipitishe. Yafaa pia kutazama kwanza betri za gari lenyewe, kwa kuwa baadhi ya magari ya dizeli ni ya volti 24, na pampu ya volti 12 ikifungwa humo haitaona jioni.

Wakati wa kujaza, injini iwe inanguruma. Tuliona gari jingine Masasi, limejaziwa tairi nne injini imezimwa ili kuokoa dizeli, kisha halikuwaka. Dizeli ya dakika saba ni kidogo kuliko aibu ile.

Mahali pa kuifunga pampu: pawe pakavu, pa juu, mbali na bomba la moshi. Chini ya boneti ni karibu na betri, lakini ni pa moto. Wenyeji wetu waliifunga chini ya kiti, na mdomo wake wa kuvutia hewa wakauinua kwa mpira mwembamba mpaka juu, ukiwa na kichujio chake, kwa kuwa vumbi la uwandani ni laini sana na hula silinda kama msasa. Kwetu visiwani adui ni chumvi. Nati na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu, na maungio ya waya yapakwe grisi. Kipande cha kwanza cha mpira kinachotoka kichwani mwa pampu kiwe cha aina iliyosukwa waya, maana hewa ikibanwa hupata moto, na mpira wa kawaida hulainika na kuchomoka.

Je, tanki la kuwekea upepo lahitajika? Hapa wengi hudanganyika. Tanki halitengenezi hewa, hutunza tu. Tanki la lita 10 lililojazwa paundi 100, ukilishusha mpaka 35, litakupa lita 44, nawe umeona ya kuwa tairi moja lataka 70. Basi tanki pekee halimalizi hata tairi moja. Faida yake ni kutoa upepo wa ghafula, kama wa kulikalisha tairi kwenye rimu au kupulizia vumbi. Mwenye fedha chache aanze bila tanki. Atakayelifunga, asisahau vitu vitatu: swichi ya kuizima pampu yenyewe tanki likijaa, valvu ya kutorudisha upepo kwenye pampu, na valvu ya usalama ya kufungua yenyewe swichi ikifa. Hiyo ya mwisho isizibwe kwa sababu yoyote, hata ikipiga kelele. Na kila jioni maji yamwagwe kwa koki ya chini, kwa sababu hewa ikibanwa hutoa maji, na maji hulila tanki kutoka ndani, mahali jicho halifiki.

Tulisikia ya kuwa wako wanaochomelea mitungi ya zamani ya gesi ya kupikia ili kupata tanki la bei rahisi. Mtungi ule huweza kubaki na gesi, nao ukichomelewa hulipuka mikononi mwa fundi. Usipolipuka siku hiyo, mahali palipochomelewa ni dhaifu, na tanki hilo litakaa chini ya kiti cha mwanao. Hatutaki kusikia mwanachama wetu amefanya hivyo.

Wakulima wa uwandani wana matumizi mengine ya upepo huu, nayo yatatufaa. Kuanzia Juni mpaka Septemba hivi mikorosho hupuliziwa salfa kwa mashine za mgongoni dhidi ya ubwiriunga, na vumbi la manjano huingia kila mahali, katika vichujio vya hewa vya mashine na vya magari. Hupuliza vichujio hivyo kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo usiozidi paundi 30, kwa sababu upepo mkali hutoboa karatasi na kichujio kilichotoboka ni kibaya kuliko kilichoziba. Kazi hiyo hufanywa uwanjani, mtu akipa upepo wa asili mgongo, amevaa miwani, wala hakuna anayevuta sigara karibu, kwa maana vumbi la salfa hushika moto. Sisi hatuna salfa, lakini tuna vumbi la makonyo na majani yanayoziba rejeta. Rejeta nayo hupulizwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Mwili wa mtu usipulizwe kamwe, hata kwa mzaha wa kuondoa vumbi nguoni, kwani upepo wa nguvu waweza kuingia chini ya ngozi au kutoboa ngoma ya sikio.

Jambo la mwisho ni geji. Tuliona pampu nzuri zinazotumiwa na geji mbovu, na dereva akapunguza tairi moja mpaka 18 na jingine mpaka 26 akidhani ni sawa. Geji ya mkononi, yenye uso wa mshale, hugharimu kidogo kuliko pancha mbili. Tairi lipimwe asubuhi likiwa baridi, kwa kuwa likitoka safarini huonyesha paundi kadhaa za ziada, na mwenye kuzitoa hizo hujikuta na tairi laini kesho yake.

Gari la ofisi sasa limefungiwa waya mpya, na pampu iko chini ya kiti cha abiria. Mwanachama apendaye kuiona ikifanya kazi aje siku yoyote ya kazi kabla ya adhuhuri, aje na gari lake kama analo. Geji mbili ziko kwa karani. Atakayeazima aandike jina katika daftari na airudishe baada ya siku saba. Mwenye kuishikilia geji ya kwanza tangu mwezi uliopita anajijua, nasi twamwomba ailete.